Shemeji Kaleta Toyota Keko

Jirani, sogea. Agiza chai, ya kwangu usijali, mimi huwa naandikiwa. Nataka nikwambie habari za watu waliotoka semina. Afadhali mtu aliyetoka jela. Yule anakaa kimya, anajitafutia. Aliyetoka semina ana begi jeusi, ana kalamu ya bure, ana cheti ndani ya nailoni, na hana biashara yake mwenyewe ya kujaribia. Kwa hiyo anatafuta ya mtu. Na huyo mtu huwa ni mimi.

Huyu ni mdogo wake mama watoto. Shemeji. Na shemeji, unajua mwenyewe, hafukuziki. Ukimfukuza mchana, usiku unalala na dada yake. Kaenda semina ya wajasiriamali wadogo, kala wali kuku na soda mbili, karudi anaongea Kijapani. Nikikosea, kaizeni. Nikipatia, kaizeni. Nikikohoa, kaizeni. Eti ni mambo ya kuboresha kazi kidogo kidogo kila siku, na eti wizara ya viwanda ilishaanza nayo tangu 2013 pamoja na Wajapani wa JICA. Mimi 2013 nilikuwa nadaiwa. Sikusikia chochote.

Akaniambia, "Shemeji, wewe una kiwanda." Nikageuka nyuma nione anaongea na nani.

Maana mimi nina banda. Keko, upande ule wa mafundi samani, unapafahamu. Mabati juu, nguzo za mbao ambazo wateja walizikataa. Fundi mkuu mmoja, mzee wa siku nyingi. Fundi msaidizi mmoja. Dogo mmoja wa msasa. Mashine ya randa ya kuchangia na jirani, na zamu yangu ndiyo umeme unakatika. Nje barabarani nimepanga fremu za vitanda, kabati lisilo na milango, na sofa ambazo bado ni mifupa mitupu. Miaka yote nimejua hiyo ndiyo mali. Mtu akipita kwenye daladala anaona vitu vimejaa, anasema huyu bwana ana kazi. Mwenye nyumba akija kudai kodi namwonyesha kwa kidevu: mzigo huo hapo mzee wangu, ukitoka tu tunaonana.

Shemeji akauzunguka mzigo wangu, mikono nyuma. Akagonga fremu moja kwa kalamu ya bure. Vumbi likatoka, na mjusi.

"Hiki kitanda oda ya nani?"

Sio oda. Cha akiba.

"Na hii miguu?"

Nikamweleza kwa upole, maana yeye sio fundi. Nilikata miguu ya vitanda kumi kwa mkupuo. Ukiisha kuitega mashine unakata mingi, unarahisisha kazi. Mafundi wote wanafanya hivyo.

"Na vitanda vyenyewe viko wapi?"

Hela ya mbao za ubavuni ikaisha.

"Kwa hiyo, shemeji, una miguu arobaini na huna hata kitanda kimoja."

Mafundi wakacheka. Mafundi wangu. Ninaowalipa mimi. Nikiwa nazo.

"Hii siyo mali," akasema, kwa sauti wasikie mpaka ng'ambo ya barabara. "Hii ni hela imelala. Na imelala nje, inanyeshewa."

Hapo ndipo nilipopewa Toyota. Mimi Toyota niliyoijua ni Hiace, ile iliyoondoka na kiatu changu kimoja pale Tandika. Kumbe ina historia. Shemeji akakaa juu ya miguu yangu arobaini, akaanza. Eti chanzo ni mtoto wa seremala, Sakichi Toyoda. Nikaweka randa chini. Seremala? Seremala, mtoto wa seremala masikini wa kijijini. Huyo akahamia kwenye mitambo ya kufuma nguo. Mwaka 1924 akatoa mtambo ambao uzi ukikatika unajisimamisha wenyewe, usiendelee kufuma uchafu. Mwanawe Kiichiro ndiye akaingia kwenye magari, kampuni ikaandikishwa 1937. Halafu ikaja vita, wakaanguka. Mwaka 1950 wakawa karibu kufilisika kabisa. Wakapunguza wafanyakazi, watu wakagoma, na Kiichiro mwenyewe akaachia ngazi.

Nikaanza kumpenda huyu Kiichiro.

Sasa kiwandani kulikuwa na bwana mmoja, Taiichi Ohno. Wamarekani wakati huo wanatoa magari kwa mafuriko, maghala yamejaa. Ohno hana hela ya kujaza ghala. Akasema basi, sisi tutatengeneza kinachotakiwa, wakati kinapotakiwa, kwa kiasi kinachotakiwa. Kitasa cha mlango kinafika pale mlango unapokihitaji. Hakifiki jana, hakifiki kesho.

Nikamkatiza. Nikamwambia shemeji, lakini huyo si ni mimi? Mimi nanunua gundi kwa kikopo. Misumari nanunua robo kilo. Vanishi nainunua mteja akishalipa adivansi, na ikibaki nairudisha dukani wanakataa. Sina ghala, sina akiba benki, sina kitu. Mbona sijawa Toyota?

Akaniangalia muda. "Wewe huna hela na bado una mzigo," akasema. "Mwenzio alikuwa hana hela akaukataa mzigo."

Fundi mkuu akasema mh. Fundi mkuu akisema mh ujue umeumia.

Kuna kipande kimoja tu cha hadithi ile kilichonifariji. Ohno alipokwenda Marekani mwaka 1956 kutembelea viwanda vya magari, kitu kilichomkaa kichwani ni supamaketi. Mteja anatoa bidhaa kwenye rafu, wenye duka wanajaza ile tu iliyotoka. Hawajazi kingine. Jirani, huyo si mangi wa hapo kona? Mangi haagizi katoni ya pili ya sabuni mpaka ya kwanza ifike mche wa mwisho. Mtu katoka Japani, kapanda chombo mpaka Marekani, kwenda kutazama anachofanya mangi. Angepita Keko tungemwonyesha kwa bei ya soda.

Basi tukaanza. Mimi sikukubali, ila nilikuta nimeshakubali. Mama watoto alisema "mpe nafasi", na mama watoto akisema mpe nafasi hiyo siyo rai.

Siku ya duara ndiyo iliyoniharibia jina mtaani. Shemeji katoa chaki. Chaki nyeupe ya shule. Kachora duara katikati ya banda, upana wa sinia la pilau. "Ingia." Nikaingia, mtu mzima na watoto wangu. Eti Ohno alikuwa anawachorea mainjinia wake duara kiwandani, anawasimamisha humo masaa, wasifanye kitu, waangalie tu, mpaka waone wenyewe kazi inapovuja. Sawa. Lakini wale walikuwa wamevaa viatu. Mimi nilikuwa na kandambili, na moja ina msumari.

Mwanzoni sikuona kitu. Niliona banda langu. Baadaye miguu ilipoanza kuwaka nikaanza kuona. Msaidizi anaacha kazi, anatafuta patasi. Patasi iko chini ya maranda. Anaipata, imeisha makali, anakwenda kuinoa kwa jirani. Kwa jirani kuna mpira unazungumzwa. Dogo anatumwa skrubu dukani, anarudi na za inchi mbili, zilitakiwa za inchi moja na nusu, anarudi tena. Fremu ya kabati inahamishwa ipite meza, kisha inarudishwa ipite kiti. Fundi mkuu amekaa, anasubiri gundi ikauke, na gundi haijapakwa, anayeipaka ndiye aliyekwenda kunoa patasi. Sofa moja dogo kaipiga msasa vizuri sana, mpaka chini ya makalio ambako kitambaa kitafunika na hata Mungu hataangalia. Mlango wa kabati umekatwa mfupi. Na kule nje fremu zangu za akiba zinapigwa jua.

Shemeji akasema hongera, umeuona upotevu wa aina zote saba. Kutengeneza kisichotakiwa. Kusubiri. Kuhamishahamisha. Kazi iliyozidi. Mzigo wa akiba. Kutembea hovyo. Kuharibu. Wengine kiwanda kizima kinakuwa nao wa aina tatu, nne. Mimi kwenye banda la mabati nilikuwa nao wote na chenji. Nikauliza kwa unyenyekevu kama kuna wa nane. Akasema siku hizi wameuongeza, kipaji cha mtu kisichotumika. Akanikagua juu mpaka chini. "Huo wewe huna."

Tatizo, jirani, nilikuwa bado ndani ya duara, na mtaa una macho. Bodaboda wa kwanza akapunguza mwendo. "Fundi, vipi, umefungwa?" Mama ntilie akaja na sahani yangu ya ugali dagaa, akafika kwenye mstari wa chaki, akasimama. "Mimi hapo sivuki, baba. Nina watoto." Akaiweka sahani chini, nje ya duara, akaisukuma kwa ncha ya kidole cha mguu. Mwenye nyumba naye siku hiyo ndiyo akakumbuka kodi. Kila siku ananikosa, siku hiyo nimesimama katikati ya banda langu kama sanamu la askari pale mjini na siruhusiwi kukimbia.

Kesho yake ikaja kubwa zaidi. Vitambaa vyekundu. Hiyo ni hatua ya kwanza ya zile S tano. Sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Maneno hayo nilishawahi kuyaona yamebandikwa ukutani hospitali, nikadhani ni maelekezo ya vipimo. Kwenye kusasambua, kila kitu ambacho hakina kazi ya karibuni kinafungwa kitambaa chekundu. Kikikaa bila mtu kukitetea, kinaondoka. Shemeji akafunga miguu arobaini. Akafunga fremu. Akafunga kabati, makopo ya rangi yaliyoganda, msumeno wa marehemu baba, redio, na kiti changu cha kupumzikia.

Sasa tazama na mimi kwa jicho la mpita njia. Sakafuni kuna duara la chaki nyeupe. Kila kona kinaning'inia kitambaa chekundu. Na kuna kijana mgeni anazunguka na begi jeusi, ananong'ona maneno ya kigeni. Nyeupe, nyekundu, nyeusi. Rangi zote tatu za mganga zimetimia. Fundi wa banda la kulia akamwaga chumvi ya mawe kwenye mpaka wetu. Fundi wa banda la kushoto akanifuata jioni, giza limeshaingia, akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini mtaalamu wangu anatoza kiasi gani na kama anakubali kulipwa kwa awamu.

Mzigo ukauzwa. Kwa bei gani usiniulize. Vipande vidogo walichukua mama ntilie wote wa mtaa, mtaa mzima ulipikiwa kwa miguu yangu. Banda likabaki jeupe. Shemeji akapigilia ubao mkubwa ukutani, akachora kwa rangi umbo la kila kifaa. Hapa randa, hapa patasi, hapa nyundo, hapa keekee. Kifaa kisipokuwepo unaona kivuli chake. Hilo nalikubali, sina kinyongo. Zamani patasi ikiibiwa nilikuwa nagundua baada ya mfungo. Sasa nagundua saa hiyo hiyo. Bado inaibiwa, lakini nagundua.

Na vitanda, lazima niseme ukweli, vilianza kutoka. Kimoja kimoja. Tunakata miguu minne, sio arobaini. Mbavu, ubao wa kichwani, chaga, msasa, vanishi, kinaondoka, mteja analipa, ndiyo tunaanza kingine. Mguu ukikatwa vibaya umekosea minne tu, hujaharibu msitu. Nilikuwa naona hela mkononi kabla sijasahau kazi yenyewe ilikuwa ya nani. Nikaanza kuvaa shati lenye vifungo vyote.

Skrubu nazo zikapata utaratibu. Makopo mawili. La kwanza likiisha, ndani kuna kadi, dogo anachukua kadi anakwenda nayo dukani, huku mnatumia kopo la pili. Wajapani wanaiita kanbani. Dogo alifurahi mno, akaongeza kadi nyingine ya kwake mwenyewe yenye picha ya chipsi.

Lakini mtaa haukuelewa. Nilikwambia watu wanapita kwenye daladala. Sasa wakipita wanaona sakafu imefagiliwa na kitanda kimoja. Wanasikitika. Habari zikafika mpaka kwa watani wangu Morogoro kwamba nimefilisika, wakanipigia simu ya pole, na wengine kwa kuniwahi wakadai chao. Mwenye nyumba akaona banda tupu akajua nataka kuhama usiku. Zamani nilimwonyesha mzigo kwa kidevu. Sasa nimwonyeshe nini? Nikamwonyesha ubao wenye vivuli vya vifaa. Akasema anataka kodi ya miezi sita mkononi.

Halafu ikaja harusi.

Familia ya heshima, ya Mbagala, kitanda cha mninga sita kwa sita na dresing tebo yake. Adivansi nusu. Fundi mkuu akauliza mninga uko wapi. Mninga wangu, jirani, ulikuwepo. Ulikaa chini ya banda tangu masika ya mwaka uliopita, umepangwa juu ya vigingi, hewa inapita katikati. Shemeji aliufunga kitambaa chekundu. Ukauzwa. Na fundi mkuu siku ile alisema mh, tukacheka, mimi nilicheka zaidi.

Shemeji akasema hamna shida, mbao zitakuja wakati zinapohitajika. Akampigia muuza mbao. Muuza mbao akasema, "Niko njiani."

Jirani, mfumo wote wa Ohno umesimama juu ya neno la mtu anayekuletea. Kule Japani wauzaji vipuri wamejipanga karibu na kiwanda, wanakuja kwa saa. Muuza mbao wangu "niko njiani" anaisemea kitandani kwake. Asubuhi alikuwa njiani. Mchana alikuwa njiani, ila bado kidogo. Jioni mvua ikanyesha, Jangwani ikajaa maji, barabara ikafungwa, na yeye yuko ng'ambo, na hapo kwa mara ya kwanza alikuwa njiani kweli. Mbao zikafika kesho yake kwenye guta, zimelowa. Fundi mkuu akaupiga ubao mmoja kwa kifundo cha kidole. Akaunusa. Akabonyeza na ukucha, ukucha ukazama.

"Mbichi," akasema.

Shemeji akauliza si tunaweza kuutumia hivyo hivyo. Hapo mzee akaongea. Sijawahi kumsikia akiongea sentensi mbili zikifuatana. Alisema mninga mbichi ukiutengeneza leo, mwezi ujao umejikunja, viungo vimeachia, na bwana harusi yuko sakafuni. Alisema hela inaweza kulala, lakini mbao hailali. Mbao ikikaa inakauka, na kukauka ni kazi, ila hailipwi posho. Kisha akarudi kukaa.

Shemeji akafungua begi, akapekua makaratasi ya semina. Hakukuwa na karatasi ya kukauka.

Keko nzima tukazunguka kutafuta mninga mkavu wa kuazima. Jirani wa kulia, yule wa chumvi, alitoa mbavu mbili, bila hata kutukana. Jirani wa kushoto akatoa chaga. Ubao wa kichwani haukupatikana. Miguu haikupatikana, mimi niliyewahi kumiliki arobaini. Fundi mkuu akaniangalia. Nikaangalia pembeni. Akaendelea kuniangalia. Maana alijua ni wapi kuna mninga mkavu wa miaka, umetulia, haujanyongeka hata uzi. Tuliutengeneza mimi na yeye, wakati namposa mama watoto.

Kwa hiyo hata zile mbavu za kuazima zikarudi kwa mwenyewe, hazikuwa na kazi tena. Guta lilikuja saa nne usiku. Msasa usiku kucha, vanishi alfajiri. Asubuhi kikapakiwa kitanda changu. Nikawaeleza wazee wa Mbagala kwamba hiki ni cha muda tu, chenu kiko kwenye ukavu, kikiwa tayari tutabadilishana. Mashangazi wa bibi harusi wakakigonga kila kona. Wakakikalia watatu kwa pamoja, wakajirusha. Wakasema siku hizi mafundi wa kitanda kama hiki hawapo tena. Nilipokwenda na kitanda kipya kubadilisha, bibi harusi akakataa katakata. Kile cha kwanza hakilii, akasema.

Mimi kwa mama watoto nilikuwa mkekani. Yeye kwenye godoro, chini. Hakusema chochote kwa mdogo wake. Aliniuliza mimi tu, kwenye giza, "Na mimi umenifunga kitambaa chekundu?"

Shemeji akaja kunifariji. Kufariji kwake ni Toyota nyingine. Akaniambia hata wenyewe yaliwakuta. Tarehe 1 Februari 1997, kiwanda cha Aisin kule Kariya kiliungua. Kiwanda hicho ndicho kilikuwa kinawatengenezea kivalvu fulani cha breki, kidogo tu, ukubwa wa pakiti ya sigara. Karibu vyote vilitoka pale. Na Toyota kwa sababu ya mfumo wao walikuwa na akiba ya masaa tu. Viwanda vyao karibu vyote Japani vikasimama. Wakasaidiwa na makampuni mengine mia mbili na zaidi, hata Brother, wale wa cherehani, wakatengeneza vivalvu. Ndani ya wiki hivi kazi ikarudi.

Nikamwambia wao walisaidiwa na cherehani. Mimi nimesaidiwa na kitanda changu.

Akaendelea, hajui kunyamaza. Eti baada ya tetemeko kubwa la 2011 wakajifunza, wakawataka wauzaji wao wa zile chipu za umeme wawawekee akiba ya miezi miwili mpaka sita, kwa sababu chipu haitengenezwi kwa siku moja. Na dunia ilipoishiwa chipu juzi juzi hapa, Toyota walichelewa kukwama kuliko wenzao.

Nilisimama. Kandambili ikabaki chini. Yaani Toyota wenyewe, wenye mfumo wao, kitu kinachochukua muda kutengenezwa wanakiwekea akiba ya miezi? Na mimi mninga wangu unaochukua mwaka kukauka umeuzwa kwa bei ya kuni, nikaambiwa hela imelala?

"Hiyo ilikuwa moduli ya pili," akasema shemeji. "Moduli ya pili sikuhudhuria. Nilikuwa na mafua."

Sasa tumefika hapa. Makopo ya skrubu yamebaki. Ubao wa vivuli umebaki. Kitanda kimoja kimoja, imebaki, kwa hilo sirudi nyuma hata mkinicheka. Ila chini ya banda kuna mninga juu ya vigingi, na fundi mkuu kaukalia, na mtu yeyote mwenye kitambaa chekundu akisogea mzee anashika patasi. Mafundi wa jirani na mimi tumekubaliana kuazimana mbao kavu, tunaandika kwenye daftari la mangi. Dogo anataka kuweka kadi kwenye daftari.

Leo asubuhi shemeji kaja na ankara. Imechapwa. "Ada ya ushauri", na tarakimu ambazo mimi nikiziona huwa kwenye matangazo ya viwanja. Nikaisoma yote mpaka chini. Nikamwambia vizuri kabisa, shemeji wangu, hela yako ipo. Ila mimi siku hizi ni mtu wa mfumo. Siweki hela ya akiba. Hela inafika inapohitajika, kwa kiasi kinachohitajika, na hivi ninavyoongea na wewe iko njiani.

Akasema anaihitaji leo.

Nikachukua chaki. Nikamchorea duara pale pale katikati ya banda, nikamwonyesha kwa kidevu. Na kwa kuwa ni kijana wa nidhamu, aliingia. Yuko kule hadi sasa, anaangalia. Nilidhani nimemweza. Nimekuja hapa kwako nicheke kidogo, kumbe mama watoto kapita na chakula changu cha mchana. Kamkuta mdogo wake kasimama juani, kamwonea huruma. Dogo kaja mbio kuniletea taarifa. Mama watoto haogopi duara, kavuka moja kwa moja. Hotpoti yangu yote, mpaka ndizi, imeliwa humo ndani. Jirani, chapati bado unazo?